Kayaki Yenye Koki

Kila aliyewahi kula kantini ya kiwanda cha matangi ya maji alimjua yule samaki. Alikuwa ukutani, juu ya dirisha la kupokelea chakula, ndani ya fremu iliyopakwa dhahabu ya uongo. Samaki mrefu kama mtoto wa darasa la kwanza, amebebwa na mameneja watatu waliovaa kofia za jua, na nyuma yao ziwa la mlimani limetulia kama kioo cha kinyozi. Chini yake paliandikwa: "Sisi ni Familia Moja." Familia moja kweli, ila nusu ya familia ilishika samaki na nusu ya pili ilimtazama huku ikitafuna mkate mkavu.

Fundi wa tanuri alikaa chini ya picha ile miaka ishirini na mbili. Wenzake walimwita Kifungu, kwa sababu ukimwambia mvua itanyesha atakuuliza kwa kifungu gani. Shuleni aliishia darasa la sita. Sheria alijifundisha mwenyewe, kwa kuusoma mkataba wa kazi mpaka karatasi ikalainika kama leso. Aliukumbuka mgomo wa siku kumi na moja, akamkumbuka aliyesimama getini na aliyepenya dirishani kwenda kazini, akaikumbuka hata tai aliyovaa mkurugenzi siku ya kutia saini. Ilikuwa ya kijani, na ilikuwa na doa la chai. Mtu mwenye kumbukumbu ya namna hiyo hapendwi na ofisi yoyote.

Mgomo ule ulizaa vitu vitatu: glavu, nusu saa ya kula, na Kifungu cha Kumi na Saba. Hicho cha kumi na saba ndicho kilichowapa wafanyakazi kiwanja kidogo kando ya ziwa lile lile la kwenye picha, wapumzike na kuvua kama binadamu wengine. Lakini wakubwa hawakupi kwa mkono wa kulia bila kukushika kwa wa kushoto. Mwishoni waliongeza mistari miwili ya herufi ndogo kama sisimizi: haki hii itakoma endapo miaka mitano itapita bila mfanyakazi kulala kambini siku mbili na kuandikisha, katika daftari la mlinzi, samaki aliyevuliwa na mfanyakazi mwenyewe.

Aliyeiandika mistari ile hakuwa mjinga. Alijua kwamba ukingo wa upande ule ni mawe na matete matupu, kwamba samaki wa maana wako kwenye kina, na kwamba fundi wa tanuri hana boti.

Mara ya mwisho alikwenda mtunza stoo. Aliazima mtumbwi wa mpita njia, akaandikisha samaki wa kilo moja. Tangu hapo mtunza stoo alistaafu, mtumbwi ukaoza, na watu wakasahau kwamba wana ziwa. Kifungu hakusahau. Jumatatu ile alisimama mbele ya kalenda, akahesabu kwa kidole, kisha akahesabu tena kwa penseli. Jumapili, saa sita mchana, miaka mitano inatimia.

Akaenda ofisini kwa afisa utumishi, ambaye kiwanda kizima kilimwita Bwana Tutaangalia. Ukimwendea na ombi la likizo, tutaangalia. Feni imeanguka, tutaangalia. Siku moja moshi ulijaa karakana, watu wanakimbia nje, naye akachungulia mlangoni akasema tutaangalia.

"Tunaomba boti moja kutoka kambi ya mameneja," Kifungu alisema. "Siku mbili tu."

"Mzee wangu, boti zile zina bima."

"Na sisi tuna nini?"

"Hilo nalo tutaangalia." Afisa alifunga faili taratibu. "Ila Jumapili nitakuwepo kule mwenyewe, saa tano na nusu, kuthibitisha. Kuna watu wa hoteli wanakitaka kile kiwanja. Wana haraka kidogo."

Kifungu alitoka bila kuaga. Haraka kidogo! Watu walilala nje ya geti siku kumi na moja, mmoja wao mke wake alijifungua huku yeye ameshika bango, halafu leo wamekuja watu wenye haraka kidogo. Alifika kwenye tanuri, akashika glavu, akaziangalia. Glavu zilikuwa zimebaki. Nusu saa ya kula ilikuwa imebaki. Hiki cha tatu kikienda, akawaza, hata hivi viwili vitaanza kuwasha macho ya watu.

Basi yeye na wenzake wa karakana wakaamua kutengeneza kayaki yao.

Kiwandani mle tangi huzaliwa hivi: unamimina unga wa plastiki ndani ya kalibu la chuma, unalifunga, unalizungusha tanurini hadi unga uyeyuke na kugandia kwenye kuta zake, unalipoza, unalifungua. Nyuma ya stoo palikuwa na kalibu la zamani la hori la kunyweshea ng'ombe, refu kuliko mtu na nusu. Unga walitumia ule wa kufagiwa sakafuni, ambao kwa Kifungu cha Tisa ni mali ya mwenye ufagio. Saa ya kula ya Jumatano wakalipika. Hori lilipotoka bado la moto, wakazibana ncha zake kwa jiriwa zikawa kali kama mdomo wa bata. Rangi zilijichanganya zenyewe: nyeusi, bluu, na kijani inayofanana mno na tai ya mkurugenzi.

"Ipoe mpaka kesho," Kifungu alimwambia shemeji yake. "Kisha uifunge turubai, uipandishe kwenye pikapu."

Shemeji yake, mdogo wa mkewe, alikuwa fundi wa kutoboa. Walimwita Keekee. Miaka kumi na tisa kila tangi lililotoka tanurini lilipita mbele yake, naye akalitoboa tundu moja chini, akaingiza soketi ya kushikia koki, akafunga koki ya inchi moja na nusu, akaijaribu kwa maji, akaligonga mara mbili na kusema, "Nenda zako." Alikuwa mpole, mcheshi, na mkono wake ulikuwa na wasifu bora kuliko mameneja wote watatu wa kwenye picha.

Ijumaa mchana Kifungu na Keekee waliondoka na pikapu ya kuazima. Mke wa Kifungu, mshonaji, aliyejulikana mtaa mzima kama Mama Pacha, aliwakabidhi hema alilolishona kwa bango kuukuu la matangazo ya kiwanda. Ubavuni bado palisomeka kwa herufi za kimo cha mbuzi: HAIVUJI MILELE. Akawapa mkate, mayai ya kuchemsha, makopo mawili ya dagaa, na madumu manne matupu ya lita tano, kila mmoja afunge mawili mgongoni, maana hakuna kati yao aliyejua kuogelea kuliko jiwe.

"Baba Pacha," alisema, "nimesugua lile sufuria kubwa. Usiniletee hadithi."

"Nitakuletea samaki akutoe machozi."

"Na wewe mdogo wangu, umtunze. Akianza kuhutubia samaki, mrudishe."

Njia ya mlimani ilipinda kama utumbo. Kwa saa tatu Keekee aliendesha na Kifungu akaeleza jinsi kikao cha kwanza cha mgomo kilivyovunjwa: mtu mmoja alitia saini kwa niaba ya mwenzake asiyekuwepo, wakubwa wakagundua, na watu mia mbili wakaitwa wadanganyifu kwa sababu ya saini moja. "Tangu siku ile," Kifungu alisema, "mimi sidanganyi hata kwenye karata."

"Ndiyo maana unashindwa kila siku."

Walifika jua likielekea kuzama. Ziwa lilikuwa zuri, hilo halina ubishi. Upande wa pili kambi ya mameneja iling'aa na nyumba yake ya mbao na boti zake tano nyeupe zilizofungwa kwa mnyororo, hazina mtu. Upande wa wafanyakazi palikuwa na mawe, matete, kibao kilicholala chali, na kibanda cha mlinzi. Mlinzi mwenyewe alikuwa mama wa makamo mwenye buti za mvua na koti la kiwanda lililofika magotini. Daftari alilitunza ndani ya kopo la biskuti.

"Karibuni, karibuni," Mama Mlinzi alisema. "Nilidhani mmekufa wote kule."

"Bado wanajaribu," Kifungu alijibu.

Wakaishusha kayaki, wakafungua turubai, wakaipindua.  Kifungu akachuchumaa. Akashika.

"Shemeji."

"Naam."

"Hiki ni nini?"

"Koki," Keekee alisema, na sauti ilianza kumnywea palepale.

"Naona ni koki. Nimezaliwa jana? Nakuuliza inafanya nini tumboni mwa kayaki!"

Keekee aliitazama kama anayemwona mwanawe rumande. Ilikuwa koki nzuri, imenyooka, imefungwa kwa uzi wa kuzuia maji, mkono wake mwekundu umelala vizuri. Alikumbuka kufika kazini Alhamisi asubuhi na usingizi wake. Alikumbuka kitu kirefu cha plastiki kimesimama kwenye foleni kati ya matangi mawili. Baada ya hapo hakukumbuka kitu.

"Shemeji, mkono huu hauniulizi," alisema. "Matundu mia mbili kwa siku, miaka kumi na tisa. Juzi dada amenipa keki ya harusi, nimejikuta natafuta katikati yake."

"Huyo huyo dada yako ndiye ataniua mimi!"

"Nimeijaribu lakini. Haivuji."

Mama Mlinzi alikuwa ameshika mbavu. "Nimeona mengi hapa," alisema. "Boti ya kufungulia maji ndani, hii ya kwanza."

Hawakuwa na la kufanya. Kuing'oa ni kuacha tundu, na tundu halina mkono wa kufungia. Wakaifunga kabisa, wakauzungushia ule mkono mpira wa baiskeli, wakamwachia Mungu.

Usiku mvua ilinyesha, na HAIVUJI MILELE ikavuja kuanzia herufi ya kwanza hadi ya mwisho. Kifungu alilala chini ya MI, Keekee chini ya LE, na asubuhi wote wawili walikuwa wamelowa kwa usawa kamili, kitu ambacho kiwandani hakijawahi kutokea.

Jumamosi nzima walivua. Yaani walikaa ndani ya hori, magoti yamegusa videvu, madumu mgongoni, ndoano majini. Kayaki ilielea vizuri, ila ilikuwa na msimamo wake. Ile koki ililing'ang'ania ziwa upande mmoja, na kila walipopiga kafi chombo kikapinda kulia. Wakipiga kwa nguvu, kikapinda kulia kwa nguvu. Kushoto hakikutaka hata kusikia.

"Hii kayaki ni ya menejimenti," Kifungu alisema.

Kwenda kwenye kina hawakuweza. Walizunguka duara lile lile karibu na matete kama punda wa kinu, na mara kumi na nne walipita mbele ya Mama Mlinzi, ambaye mwanzoni aliwapungia mkono, kisha akachoka, mwishowe akawa anaangalia pembeni kwa heshima. Samaki hakugusa. Kwa mbali, kwenye maji meusi ya katikati, waliruka wawili watatu, wakubwa, wanono, wakaanguka puu! kama watu wanaofunga milango ya ofisi.

Jioni wakafungua kopo. Hivyo ndivyo samaki wa kwanza wa kambi alivyopatikana.

"Tumwandikishe huyu," Keekee alisema huku akilamba kidole. "Hana kichwa, lakini na mameneja je?"

Mama Mlinzi alisogea na kikombe chake cha chai. "Mimi niwaambie kitu, wanangu. Daftari ninalo, kalamu ninayo. Nikiandika kilo mbili, nani atakuja kumchimbua samaki tumboni mwenu? Hoteli ikija hapa, na mimi kazi sina."

 Kifungu aliitazama kalamu kama mwenye kiu anavyotazama mtungi. Miaka ishirini na mbili. Mstari mmoja tu. Kisha akatikisa kichwa.

"Mama, wanatungoja papo hapo. Wakikamata uongo mmoja, hawatachukua kiwanja tu. Watasema hata glavu tuliziomba kwa uongo."

"Basi kesho una asubuhi moja."

"Asubuhi moja na koki," Kifungu alisema, na akamgeuzia shemeji yake mgongo. Maneno yaliyofuata hayakuwa mazuri. Alisema kwamba kuna watu hutobolewa kichwa wasijue. Alisema kama ziwa litapotea, kila mtu kantini ataambiwa limepotelea kwenye tundu la nani.  Keekee aliingia hemani, akalihamisha blanketi lake kutoka kwenye LE hadi kwenye HA, mbali kabisa.

Kifungu alikaa na daftari la Mama Mlinzi, akipekua majina ya zamani. Akamwona mtunza stoo. Akamwona fundi umeme aliyekufa. Na mbele kabisa, mwaka wa pili baada ya mgomo, hakuona jina la mtu aitwaye Kifungu. Wala ukurasa wa pili. Mwaka ule zamu ilimbana. Mwaka uliofuata tanuri liliharibika. Alikipigania kiwanja kile kama simba, na hakuwahi kutia mguu pale hata siku moja. Alichojua kuhusu ziwa alikijua kwenye picha ya mameneja. Akaangalia viganja vyake, vigumu kama soli, vilivyokuwa havina hisia za moto tena, akamfikiria yule mpole aliyetafuta tundu kwenye keki ya harusi. Kiwanda kilikula mikono ya wote wawili. Ila mmoja alikuwa na ulimi wa kujitetea.

Asubuhi alichelewa kuamka, akamkuta Keekee ameshaisukuma kayaki majini.

"Shemeji," Kifungu alisema, "jana nilikosa adabu."

"Ulikosa. Panda."

"Sasa wewe huna hata kinyongo?"

"Panda, jua halina kifungu."

Wakapanda. Wakasukuma kwa haraka, na kwa haraka ile hori likapanda jiwe, likakwaruza krrr! chini kwa chini, likashuka upande wa pili. Hakuna aliyetilia maanani. Walikuwa wamefika penye matete mengi Kifungu aliposhtuka.

"Miguu yangu imelowa."

"Mvua."

"Mvua hainyeshi kutoka chini, Keekee!"

Kati ya magoti yake palikuwa pamechomoza chemchemi nono, safi, ya inchi moja na nusu kamili, bila hata kutetereka. Jiwe lilikuwa limekata mpira na kuusukuma mkono wa koki. Hata katika hali ile fundi alishindwa kujizuia.

"Ona presha hiyo," Keekee alisema.

"Funga!"

"Iko chini, kwa nje!"

"Mtu gani anafunga koki kwa nje?"

"Matangi yote huwa kwa nje!"

Kifungu alichota maji kwa kofia, Keekee akainama kupapasa tumbo la kayaki, kayaki ikainama naye, na ziwa likaingia lote kwa pamoja, matope, majani, vyura na vyote. Hapo kelele zikapanda mpaka kambi ya mameneja. Kifungu, mtu asiyeogopa askari wala jaji, alimwita mama yake mzazi. Keekee alimkumbatia kwa nguvu, dumu likagonga dumu.

"Simameni!" Mama Mlinzi alipiga kelele kutoka ukingoni.

"Tunakufa!"

"Simameni nimesema!"

Wakasimama. Maji yaliwafika kiunoni.

Walikuwa bado wanaburuta kayaki iliyojaa pomoni kuelekea nchi kavu gari la kiwanda lilipofika. Bwana Tutaangalia alishuka na buti mpya ambazo lebo yake ilikuwa haijabanduliwa, futi ya kupimia imening'inia mkononi. Ilikuwa saa tano na nusu, dakika kwa dakika. Ofisi ile haijawahi kuwahi kitu kingine chochote.

"Poleni," alisema. "Mmevua nini?"

"Baridi," Keekee alijibu, meno yakigongana.

"Kwa hiyo hakuna." Afisa akaanza kuivuta ile futi. "Nitapima upande huu kwanza."

 Mara ya kwanza katika miaka ishirini na mbili Kifungu hakuwa na kifungu cha kutaja. Aliketi juu ya jiwe, madumu bado mgongoni, akaanza kukamua soksi. Mama Mlinzi alishika kopo la biskuti kifuani kama mtu aliyeambiwa ahame.

Keekee yeye alifanya anachokijua. Chombo kimejaa maji, lazima kimwagwe. Akaiinua kayaki juu ya mawe mawili, na maji yakamwagika kupitia ile koki kwa mkondo mnene. Yakamwagika, yakamwagika, kisha yakasita, yakawa matone. Na ndani bado yalikuwa nusu.

"Imeziba," alisema, akiongea na koki, si na mtu.

Kiwandani tangi likiziba hachokonoi kwa kijiti, maana kijiti huharibu uzi. Huweka kiganja chini ya koki, akagonga mara mbili, takataka ya plastiki ikamdondokea mkononi. Basi Keekee akaweka kiganja. Akagonga mara mbili. Karibu aseme, "Nenda zako."

Ikadondoka. Ilikuwa na macho.

"Shemeji," alisema kwa sauti ndogo sana. "Takataka hii inapumua."

Kifungu aliruka kutoka jiweni, soksi moja mkononi. Kwenye kiganja cha Keekee, ndani ya maji kijiko kimoja, alikuwepo samaki. Mwembamba, wa fedha, amekasirika. Alikuwa amesombwa na ziwa kwenye matete na kuingia kayakini, naye katika kutafuta njia ya kutokea akachagua tundu lile lile la Keekee.

"Saa!" Kifungu alinguruma. "Saa ngapi?"

"Sita kasoro kumi," Mama Mlinzi alisema, na kopo la biskuti lilikuwa limeshafunguka.

Afisa alikuja anajikwaa kwenye mawe. "Hapana, hapana. Huyo si samaki."

"Ni nini? Mhasibu?"

"Ni mdogo mno!"

"Kifungu cha Kumi na Saba," alisema Kifungu, na sauti ilimrudi kama umeme unavyorudi mtaani, "kinasema samaki. Hakikusema mkubwa. Kingetaka mkubwa kingesema mkubwa. Mliokiandika ni ninyi, na sisi tuliomba herufi zikuzwe, mkakataa."

"Hakuvuliwa kwa ndoano!"

"Hakikusema ndoano. Hakikusema wavu. Kinasema amevuliwa na mfanyakazi mwenyewe. Huyu ni mfanyakazi?" Alimshika Keekee bega. "Miaka kumi na tisa. Huu ni mkono wake? Samaki yumo ndani ya mkono wake? Mama, andika."

Mama Mlinzi alileta mizani ya jikoni. Mshale haukutikisika. Akaugonga, akaupulizia, haukutikisika.

"Safu ya uzito niache wazi," alisema. "Urefu je? Sina kipimio."

Wote watatu waliitazama ile futi mkononi mwa afisa. Afisa naye akaitazama. Sijui ni aibu au mazoea ya kutii karatasi. Alichuchumaa na buti zake mpya, akaivuta, akaiweka kando ya samaki.

"Inchi tatu," alisema.

"Na?"

"Na robo."

"Jina la aliyevua?" Mama Mlinzi aliuliza, kalamu hewani.

Hapo Kifungu aliinama juu ya daftari. Ukurasa ulikuwa mweupe. Miaka yote ile chini ya picha alikuwa ameliona jina lake likiwa limekaa hapo hasa, na pembeni yake kilo kumi na mbili. 

"Andika lake," alisema. "Jina kamili. Na kazi: fundi wa kutoboa."

Keekee akapangusa pua kwa mkono uliokuwa mtupu.

"Hili suala," alisema afisa akisimama, magoti yamelowa, "kwa kweli tutaangalia."

"Angalia," Kifungu alimwambia, akimgeuzia daftari. "Ndilo hili."

Mama Mlinzi aliwapiga picha kwa simu yake, akaituma kwenye simu ya Keekee iliyobaki hemani, kisha samaki akarudishwa ziwani. Hakuaga.

Nyumbani Mama Pacha alikuwa amesimama mlangoni, sufuria mkononi, linang'aa hadi unaona meno yako.

"Yuko wapi?"

"Tumemwachia," Kifungu alisema.

"Alikuwa mkubwa hivyo?"

Keekee alitoa simu. Mama Pacha aliiangalia picha, akaikuza, akaikuza tena, akamtafuta samaki, akampata. Kisha akakaa chini kwenye kizingiti, sufuria mapajani, akacheka mpaka majirani wakafungua madirisha. Alipopata pumzi akauliza hema lilikuwaje, na walipomweleza nani alilala chini ya herufi gani alianza upya.

Jumatatu, chini ya samaki mrefu wa mameneja, palikuwa na picha ya pili, imegandishwa kwa gundi ya soketi. Watu wawili waliolowa, madumu mgongoni, wanacheka kama wendawazimu, na kidole cha Mama Mlinzi kikionyesha kitu kwenye kiganja. Chini yake: "Inchi tatu na robo. Miaka mitano mingine." Kando palibandikwa orodha ya wanaotaka kwenda, na kufikia saa ya kula ilikuwa imejaa, imeendelea nyuma ya karatasi, na mpishi amejiandikisha mara mbili.

Alasiri Kifungu alilifungua kalibu la hori. Chombo cha pili kilitoka, safari hii chekundu chote. Akakisukuma mwenyewe mpaka mwisho wa karakana. Keekee alipokiona alirudi nyuma na kuificha mashine mgongoni.

"Hiki sitoboi, shemeji. Naapa. Nimejifunga mkono kabisa, ona."

Kifungu alikiegesha mbele yake, akapiga kofi tumboni mwa chombo, pale chini kabisa, katikati.

"Kifungu gani kinakukataza?" akauliza.

Mashine ikaanza kuimba.